Koikoi Viotani: Mwongozo Kamili wa Kuwatazama na Kuwapiga Picha London, Februari hadi Juni

Kwetu Tanga, ndege yeyote mwenye miguu mirefu aliyesimama majini alikuwa korongo, basi. Huyu ninayemzungumzia ni koikoi wa kijivu, na kumtofautisha na korongo ni rahisi: mtazame akiruka. Korongo huruka shingo imenyooka mbele kama mkuki. Koikoi huikunja kama herufi S, kichwa kimerudi mabegani, miguu inaning'inia nyuma, mabawa yanapiga polepole kama mtu anayekung'uta mkeka.

Koikoi wa kijivu wa London ni wale wale wa kando ya Ziwa Victoria na wa mikokoni pwani. Kinachotofautiana ni kalenda. Afrika Mashariki huzaa kwa kufuata mvua na mafuriko. Makoloni, yaani makundi ya viota, ya delta ya Tana, kule upande wa Garsen, husubiri mto ufurike. Hapa Uingereza husubiri baridi ilegee, na huanza mapema kuliko unavyodhani, wakati wewe bado umevaa koti mbili.

Nimekuwa nikiwafuata kwa majira saba ya kuchipua. Matatu ya kwanza niliyapoteza kwa kukimbia kutoka kiota hiki kwenda kile, nikifika kila mahali tukio limekwisha. Picha zilianza kuja nilipochagua kiota kimoja nikakaa nacho hadi nikajua ndege wake watafanya nini kabla hawajafanya. Mengine yote hapa chini, lenzi na mipangilio, ni ya kusaidia hilo tu.

Hatua ya kwanza: chagua koloni unaloweza kulirudia

Koikoi hujenga kwa ujirani, viota vingi kwenye miti michache, juu kabisa, na mwaka hadi mwaka hurudi palepale. Kwa hiyo kuwapata si kazi. Jiulize tu ni koloni gani lililo karibu nawe, kwa sababu utakwenda mara kumi, si mara moja.

Anayeanza namwelekeza Regent's Park. Shuka kituo cha Baker Street, tembea kama dakika kumi hadi ziwa la mashua. Viota viko kwenye miti ya visiwani, na njia ya watembea kwa miguu inapita ng'ambo ya maji. Yale maji ndiyo ukuta. Mbwa hawavuki, watu hawavuki, na ndege wameshalijua hilo; wanaendelea na mambo yao huku watoto wa shule wakipiga kelele chini. Kuingia ni bure na mageti hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri.

Battersea Park, kusini mwa mto Thames, nako kuna viota kwenye visiwa vya ziwa. Walthamstow Wetlands ni mabwawa ya maji ya jiji yaliyofunguliwa kwa umma Oktoba 2017. Koloni lake linapendeza lakini liko mbali na njia, na ukienda na lenzi fupi utarudi na madoa ya kijivu. Northward Hill, hifadhi ya RSPB (shirika la kulinda ndege Uingereza) mkoani Kent, ni miongoni mwa makoloni makubwa kabisa ya nchi hii, ila hiyo ni safari ya siku nzima.

Northward Hill na Walthamstow utawakuta pia yangeyange wadogo wakijenga pamoja na koikoi. Sisi yangeyange tumekua naye. Hapa ni mgeni: alizaa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1996, kisiwani Brownsea, Dorset. Ukimwona mzee wa Kiingereza ameduwaa mbele ya yangeyange kana kwamba kaona malaika, mvumilie.

Hatua ya pili: hesabu siku, usibahatishe

Hapa ndipo wengi hukosea. Husubiri Mei kwa sababu kuna jua, wakafika wakakuta majani yameshafunika kila kitu.

Madume hurudi kwenye viota vya zamani kati ya Januari na Februari. Mayai, kwa kawaida matatu hadi matano, ya rangi ya kibuluu iliyopauka, huanza kutagwa Februari hadi Aprili, na bustani za katikati ya jiji mara nyingi hutangulia mashambani. Wazazi wote wawili huatamia, kwa zamu, siku 25 au 26. Makinda hukaa kiotani siku 50 hadi 55 kabla ya kuruka.

Sasa chukua kalenda. Ukiona ndege amelala kiotani haamki tangu tarehe 20 Februari, ongeza siku 26: tarajia kuanguliwa karibu na 18 Machi. Ongeza siku 52 tena: kinda ataruka karibu na 9 Mei. Mierebi huanza kuota majani Machi mwishoni, na miti mingine mikubwa hufuata Aprili. Kwa kiota hicho, basi, muda wako wa dhahabu ni kuanzia wiki ya tatu ya Machi hadi katikati ya Aprili, pale makinda wana ukubwa wa kuonekana na mti bado uko wazi. Wiki nne. Ukizijua, unaweza hata kuomba ruhusa kazini mapema.

Jambo la saa: kabla ya Jumapili ya mwisho ya Machi jua huchomoza London karibu na saa kumi na mbili asubuhi, kisha saa husogezwa mbele. Katikati ya Mei jua liko juu tangu saa kumi na moja na dakika chache. Mwaka mmoja nilisahau kusogeza saa ya jikoni. Nikafika ziwani mwanga ule laini umeshaondoka.

Hatua ya tatu: vifaa

Darubini ya mkono ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, kwanza, kamera baadaye. Nasema kwa dhati. Darubini nzuri iliyotumika itakupa zaidi ya lenzi mbaya mpya.

Kwa kamera, Regent's Park unaweza kuanza na lenzi ya 70–300 ukiifunga kwenye kamera yenye kihisio kidogo, ile inayozidisha umbali mara 1.5 au 1.6. Milimita 400 inakutosha kwa kazi nyingi, 600 inakupa sura ya kinda. Nunua iliyotumika, kwenye duka linalotoa dhamana. Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima kwa anayekaa saa tatu. Mkono haukubali kushika kilo mbili na nusu kwa muda huo huku umeelekea juu. Kama huna kamera, simu iliyobanwa kwenye darubini ya stendi hutoa picha za kuridhisha na video nzuri kabisa.

Betri mbili, kwa sababu baridi huzinyonya. Ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Glovu zinazoacha ncha za vidole wazi. Chupa ya chai ya tangawizi. Na daftari, ambalo kwangu lina thamani kuliko lenzi.

Hatua ya nne: siku ya kwanza acha kamera nyumbani

Najua hutanisikiliza, lakini naandika.

Nenda na darubini na daftari. Chora miti kwa mistari tu, weka kila kiota kama duara na ukipe namba. Kaa saa mbili. Kwa kila kiota andika: pana ndege au hapana, amelala au amesimama, ametazama upande gani, tawi lipi analokanyaga anapotua. Hilo la tawi usiliruke. Koikoi ana mabawa ya zaidi ya mita moja na nusu. Hawezi kutua popote kwenye kichaka cha matawi. Kila jozi ina mlango wake, tawi lake la kutulia na njia yake ya kuingilia, na ukishaijua unajua utaelekeza kamera wapi.

Dalili za kiota chenye wenyewe: kinyesi cheupe kibichi kwenye matawi ya chini, vijiti vipya, nusu ganda la yai la kibuluu linaloelea majini, na sauti. Ndege anayeatamia huzama kiotani kiasi kwamba unaona ncha ya mdomo na manyoya meusi ya kisogoni tu, yanapeperuka. Wengi hupita wakidhani kiota ni kitupu.

Kisha chagua kimoja. Kisiwe kilicho juu kuliko vyote, maana utapata matumbo ya ndege na anga. Tafuta kilicho katikati ya mti au kwenye mti wa chini, chenye matawi au jengo la mbali nyuma yake badala ya mawingu meupe, na chenye tawi la kutulia lililo wazi upande wako. Changu kilikuwa namba 4, kwenye mti ulioegemea maji. Nitakitaja tena.

Hesabu hiyo ya viota ina faida nyingine. Sensa ya viota vya koikoi Uingereza ilianza 1928, na leo inaendeshwa na BTO, shirika la utafiti wa ndege, kwa nguvu za watu wa kujitolea wanaohesabu viota vyenye wenyewe kila mwaka. Hakuna uchunguzi wa ndege wanaozaa uliodumu kuliko huo duniani. Kwa sensa hiyo tunajua jinsi kipupwe kikali cha 1962–63 kilivyowapukutisha: maji yaliganda, ndege wakafa njaa. Ukishajua kuhesabu, hesabu yako inahitajika.

Hatua ya tano: jifunze lugha yao

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndiyo yenye picha.

*Kumwita mke.* Februari, dume husimama kwenye kiota chake cha mwaka jana, hunyoosha shingo wima, mdomo ukiielekea mbingu, kisha huishusha polepole akitoa mlio kama mlango unaohitaji mafuta. Wakati huo mdomo na miguu, ambayo siku za kawaida ni ya njano iliyofifia, huiva kuwa rangi ya chungwa hadi nyekundu. Rangi hiyo haikai. Ukichelewa wiki chache imepauka. Ukitaka picha ya koikoi akiwa katika urembo wake, na yale manyoya marefu ya kifuani na mgongoni, ni sasa, si Mei.

*Vijiti.* Dume huleta, jike hujenga. Dume akija na kijiti husimama kwenye tawi la mlangoni, jike hunyanyuka, hukipokea kwa mdomo, na kwa sekunde moja hivi wote wawili wanakishika. Hiyo sekunde ndiyo picha. Habari njema ni kwamba dume akianza safari za vijiti harudii mara moja, huenda na kurudi kutoka mahali pale pale, kwa hiyo ukimkosa usivunjike moyo. Baki umelenga tawi lile lile.

*Zamu.* Wakati wa kuatamia, saa nyingi hazina tukio. Ndege amelala. Wewe unakunywa chai. Watu hukata tamaa hapa na kwenda kupiga picha za bata. Siku moja ya Machi nilikaa mbele ya namba 4 tangu saa kumi na mbili na nusu. Jike (nilimjua kwa unyoya mmoja wa kisogoni uliovunjika) hakufanya lolote kwa saa mbili na robo isipokuwa kusimama mara moja, kuinamisha mdomo, kugeuza mayai taratibu kama mtu anayegeuza chapati asiichane, kisha kulala tena upande wa pili. Halafu kichwa chake kikainuka. Sikuona kitu. Manyoya ya kisogo yakasimama, shingo ikarefuka, na ndipo nikamsikia dume kwa mbali, mlio mmoja mkavu, *kraank*. Nilihesabu sekunde nane hadi alipotua. Wakaelekezana midomo juu, wakagonganisha ncha zake kwa sauti ya vijiti vya kucheza ngoma, jike akanyanyuka, akanyoosha bawa moja na mguu mmoja kama aliyetoka kwenye basi la usiku, akaondoka. Dume akajipanga juu ya mayai. Yote hayo hayakufika dakika moja.

Zile sekunde nane ndizo ninazotaka uondoke nazo. Aliye kiotani humwona anayekuja kabla yako. Acha kutazama anga, mtazame aliyelala. Kichwa kikiinuka na manyoya ya kisogo yakisimama, weka kidole kwenye kitufe.

*Kuanguliwa.* Hutaona kinda siku ya kwanza. Utaona mzazi amesimama ukingoni akitazama chini ndani ya kiota kwa muda mrefu, au amelala juujuu, kifua kimeinuka. Koikoi huanza kuatamia tangu yai la kwanza na hutaga kwa kupishana siku mbili hivi, kwa hiyo makinda huanguliwa kwa kupishana pia. Wa kwanza atakuwa mkubwa kuliko wa mwisho, na atamdonoa. Chakula kikipungua, mdogo hafiki Aprili. Utaona hayo, na ni vyema ujiandae. Hakuna la kufanya.

*Kulisha.* Kwa karibu wiki tatu mzazi mmoja hubaki akilinda. Baadaye wote wawili huenda kuvua, na makinda hubaki peke yao, manyoya ya kichwani yamesimama kama waliopigwa na umeme. Makelele yao, *kekekekek* bila kituo, ndiyo sauti ya koloni lote la Aprili. Mzazi akitua, makinda humrukia, mmoja humkamata mdomo kwa upande kama mkasi na kuuvuta chini, mzazi hutapika samaki, vita vinaanza. Safari za chakula kwa siku ni chache. Kila moja ni fursa, na kila moja hutangulizwa na ishara ile ile: makelele yanapanda ghafla, shingo zote zinageukia upande mmoja. Elekeza kamera kinyume cha unavyotaka, yaani si kwa mzazi anayekuja bali kwa makinda, maana ndiko tukio litakakoangukia.

Hatua ya sita: mipangilio ya kamera

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa jepesi na lilinigharimu msimu mzima. Koikoi wa kijivu mbele ya anga nyeupe ya London: kamera inaona weupe mwingi, inaamua ni mwanga mkali mno, inapunguza. Matokeo yake ni ndege mweusi mbele ya anga ya kijivu. Nilirudi na mamia ya vivuli.

Dawa ni kuongeza mwanga kwa makusudi, kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Anga nyeupe nyuma yake: anza na +1, panda hadi +1.7 mpaka uone alama nyeusi ya jicho na mpaka wake na uso mweupe. Akitua mbele ya mti wenye giza, rudi hadi −0.3 au −0.7, la sivyo shingo nyeupe itaungua na hutairudisha. Mandhari ya nyuma ikibadilika kila dakika, tumia mpangilio wa mkono, pima mwanga kwenye gome la mti wa kijivu karibu na kiota, uache hapohapo. Mawingu mazito, kwa taarifa yako, ni rafiki: mwanga wake laini huonyesha kila unyoya. Ubaya wa mawingu ni anga tu, na hiyo unaikwepa kwa kuchagua kiota chenye kitu nyuma yake.

Mwendo wa shata: ndege aliyelala au aliyesimama, 1/500. Kubadilishana zamu na vijiti, 1/1000. Kutua, 1/2000, kwa sababu mwili huja polepole lakini ncha za mabawa hupiga kwa haraka wakati wa kufunga breki. Tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3 kwa ndege mmoja. F/8 kwa wawili, wasije wakawa mmoja mkali na mwingine ukungu. ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, iache ipande: 1600 au 3200 ya leo si ya zamani, na chembechembe ni afadhali kuliko picha iliyotikisika.

Fokasi ndiyo tabu kubwa. Mfumo wa kutambua jicho la ndege ni mzuri ziwani, lakini mtini hudanganywa na vitawi vya mbele. Tumia nukta moja ndogo, fokasi ya kufuatilia, na uiweke shingoni au kwenye ukingo wa kiota. Mimi huhamisha kazi ya fokasi kwenye kitufe cha nyuma: nafokasi kwenye tawi la mlangoni, naachia kidole, kisha nasubiri. Ndege akitua, yumo ndani ya ukali tayari, na kamera haina nafasi ya kubadilisha mawazo.

Piga kwa mfululizo mfupimfupi. Na piga faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazichakata.

Hatua ya saba: upepo kabla ya jua

Wapiga picha wengi huuliza jua liko wapi. Kwa koikoi mimi huuliza upepo kwanza. Ndege wakubwa hutua wakiukabili upepo. Ukisimama upepo ukikupiga mgongoni na kuelekea kiotani, kila anayetua atakuja uso kwako, kifua wazi, miguu mbele. Ukisimama upande wa pili utapiga picha za mikia siku nzima. Tazama bendera, tazama mawimbi madogo ya ziwa, au mate ya kidole kama wavuvi.

Siku upepo na jua vikikubaliana, usiende kazini. Visipokubaliana, chagua upepo kwa picha za kutua na jua kwa picha za kiotani.

Ondoka kabla ya saa tano asubuhi siku za jua kali. Hewa juu ya maji huanza kutetemeka na picha za mbali hulegea hata kama kila kitu umekiweka sawa. Watu hulaumu lenzi, kumbe ni joto.

Hatua ya nane: adabu

Sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika au kinachojengwa, na kuchukua au kuharibu mayai. Droni ni marufuku Regent's Park na bustani nyingine za kifalme. Lakini sheria ni kiwango cha chini. Kunguru huzunguka koloni siku nzima wakisubiri mzazi anyanyuke. Ukimfanya koikoi aondoke kwa dakika mbili, yai limekwenda. Visiwani huwezi kumfikia, hivyo ni salama zaidi. Msituni mambo ni mengine: usisimame chini ya viota. Ndege akinyanyuka na kunyoosha shingo akikutazama wewe, rudi nyuma hadi alale. Halafu kuna sababu ya pili ya kutosimama chini, nayo ni kwamba kinda aliyetishika hutapika. Mimi nimevalishwa samaki aliyeanza kumeng'enywa, kwenye kofia, na nilirudi nyumbani kwa treni siti ya jirani yangu ikiwa tupu.

Usiwarushie mkate wala nyama. Usicheze milio yao kwenye simu. Koloni dogo lililo kwenye shamba la mtu usilitaje mahali lilipo unapoweka picha mtandaoni, na zima taarifa za mahali kwenye faili. Regent's Park kila mtu anapajua, hapana neno.

Na moja la kwetu sisi: mtu mweusi mwenye lenzi ndefu bustanini ataulizwa maswali. Nimeulizwa na walinzi, na wazazi, na bibi mmoja mwenye mbwa. Zamani nilikasirika. Sasa nageuza kioo cha kamera nawaonyesha makinda, na bibi yule wa mbwa ndiye siku hizi hunipa habari za siku nisizokuja. Lakini chagua sehemu isiyoelekea uwanja wa michezo ya watoto. Ni busara tu.

Hatua ya tisa: nyumbani

Futa kwa ukali. Nikipiga picha 600 asubuhi moja, nabakiza kumi. Jicho halionekani, futa. Kijiti kinapita mbele ya uso, futa, hata kama roho inauma. Kisha inua giza kidogo chini ya bawa, punguza weupe wa shingo, kata pembeni kidogo, acha. Usifute matawi kwa programu; kiota bila matawi yake kinafanana na kikapu kilichotundikwa.

Kabla ya kulala, nakili daftari: saa, upepo, nani alitua wapi. Baada ya wiki mbili utaanza kuona mpangilio, kwa mfano kwamba dume wa namba 4 alirudi asubuhi nyingi kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na robo. Mwaka wa nne nilikuwa naweza kunywa chai yangu kwa utulivu hadi saa mbili na dakika ishirini.

Mei na Juni

Majani yakifunga, utasikia koloni bila kuliona. Usihamishe stendi yako nyumbani bado. Makinda wakubwa hupanda kwenye matawi ya nje kupiga mabawa, na hapo huonekana. Baada ya kuruka hushuka ukingoni mwa ziwa kujifunza kuvua. Utawajua: kijivu mwili mzima, paji la uso halina ule weupe wa wazazi, hakuna manyoya marefu kisogoni, na wana sura ya mtu aliyepewa kazi bila maelekezo. Hawakuogopi sana. Piga magoti hadi kamera iwe sawa na macho yao, mwanga wa asubuhi ukitokea ubavuni.

Mmoja wa namba 4, mwaka jana, nilimkuta amesimama kwenye mashua ya kukodi iliyofungwa gatini. Alilikodolea macho jani linaloelea kwa muda mrefu, shingo ikirudi nyuma sentimita kwa sentimita. Akalidaka barabara. Akalishika mdomoni, akalitikisa, akalitema, akalitazama tena kwa jicho moja. Akarudisha shingo nyuma.